Kusoma na Kutegua: Asili ya Neno "Read"

Sisi tufundishao lugha aghalabu humwambia mwanafunzi kwamba kitenzi cha Kiingereza "read" maana yake ni kusoma, kisha tukapita. Lakini neno hilo lina historia inayostahili kuzingatiwa na kila mwalimu, kwani halikuanza na kitabu.

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuwa "rædan". Maana zake zilikuwa kutoa shauri, kukisia, na kufasiri jambo lililofichika. Ndugu yake wa Kijerumani, "raten", hata leo ni kushauri na kukisia tu. Shina hilo hilo ndilo lililozaa "riddle", yaani kitendawili. Tena yupo mfalme Æthelred, aliyeshika utawala mwaka 978. Jina lake lilimaanisha shauri la kiungwana; watu wakamfanyia tashtiti kwa kumpa lakabu ya "Unræd", yaani asiye na shauri jema.

Mataifa mengine yalifuata njia nyingine. Neno la Kilatini "legere", ambalo ni asili ya "lire" ya Kifaransa, kwanza lilikuwa kuokota na kukusanya. "Lesen" ya Kijerumani vivyo hivyo. Jina la Kurani nalo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusoma kwa kutamka. Kwa Mwingereza wa kale, maandishi yalikuwa fumbo lingojalo mteguzi.

Nasi tunayo historia yetu. Kusoma kwa Kiswahili kumeshikamana tangu zamani na chuo, Kurani na maulidi. Katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa limekwisha kufika Buganda, na wafuasi wa dini mpya, Waislamu na Wakristo, wakaitwa "abasomi", yaani wasomaji. Hata leo "okusoma" kwa Kiganda ni kusoma kitabu, na pia ni kusali.

Je, mambo haya yatufaa nini darasani? Tunao wanafunzi wanaotamka ukurasa mzima pasipo kukwama, nao wakiulizwa habari yake hunyamaza. Kwa kipimo cha "rædan", hao hawajasoma bado, wametamka tu. Na neno lenyewe latupa ushahidi: "read" ya wakati uliopo na ya wakati uliopita huandikwa sawasawa, lakini hutamkwa mbalimbali. Msomaji hana budi kuielewa sentensi kwanza ndipo ajue atamke vipi. Hapo ufahamu hutangulia sauti.

Basi, walimu wenzetu, tusitosheke na ulimi mwepesi. Kila tufunguapo kitabu mbele ya watoto, tuwaulize kama tuulizavyo penye kitendawili: kuna nini ndani yake? Atakayejibu kwa maneno yake mwenyewe, huyo amesoma.