Diglosia si uwililugha

Ukilipasua neno diglosia utakuta Kigiriki: di- ni mbili, glossa ni ulimi au lugha. Ukiupasua uwililugha, istilahi iliyokwisha kuzoeleka vyuoni, unapata maana ile ile. Mtafsiri anayefuata mofimu moja moja angeishia kuwa na jina moja kwa vitu viwili, na ndiyo maana naona waliotohoa diglosia badala ya kuitafsiri walifanya vyema.

Uwililugha unaweza kuwa wa mtu mmoja. Mweke peke yake kisiwani, bado atakuwa nao. Diglosia haiwezekani bila jamii, kwa kuwa ni mgawanyo wa kazi ambao watu wameukubali pasipo kikao chochote: lugha hii ya mimbari, ile ya jikoni.

Aliyeieneza istilahi hii ni Mmarekani Charles Ferguson, katika makala yake ya mwaka 1959. Alichunguza Kiarabu, Kigiriki, Kijerumani cha Uswisi, na Kifaransa na Krioli ya Haiti. Kila mahali alikuta aina ya juu, inayopatikana shuleni, na aina ya chini, inayonyonywa pamoja na maziwa ya mama. Mgawanyo huo ulifika hadi ndani ya ukurasa mmoja wa gazeti: maelezo ya picha ya habari kwa aina ya juu, maneno ya katuni ya kisiasa kwa aina ya chini. Tena wasemaji wengine walikana kabisa kwamba aina ya chini ipo, huku wakiizungumza.

Wasiodhani kuwa haya ni mambo ya kufia wakumbuke Athens, 1901. Injili ilipochapishwa gazetini kwa Kigiriki cha kawaida zilizuka ghasia, watu wakauawa. Aina ya juu, Katharevousa, iliondolewa shuleni mwaka 1976 tu.

Ferguson alizungumzia aina mbili za lugha moja. Joshua Fishman, mwaka 1967, aliipanua dhana ili ihusu hata lugha zisizo na undugu. Wapo wanaolalamika kwamba aliipwayisha, na hawakosei sana. Lakini bila upanuzi huo dhana isingetufaa huku kwetu. Mwaka 1972 M. H. Abdulaziz Mkilifi aliitazama Tanzania akaona mbili hazitoshi, akaandika kuhusu triglosia: lugha ya kabila nyumbani, Kiswahili katikati, Kiingereza juu. Hapo Kiswahili kina nyuso mbili. Mbele ya lugha ya kabila kama Kipare ni bwana, mbele ya Kiingereza ni mtumwa.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sekondari za serikali zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Ngazi za Mkilifi, basi, zimesogea upande wa hakimu. Upande wa mwalimu wa fizikia ziko pale pale alipoziacha.