Studio ya nyumbani (muziki)

Studio ya nyumbani ni chumba cha makazi, au sehemu ya chumba, kinachotumika kutengeneza, kurekodi na kuchanganya muziki kwa kutumia kompyuta na vifaa vichache. Makala hii inaeleza jinsi vifaa vya kurekodi na kuchanganya sauti vinavyochaguliwa kwa ajili ya muziki wa kielektroniki, hasa katika mazingira ya mji kama Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma nchini Tanzania.

Historia

Katika miaka ya 1970 bendi za Tanzania zilitegemea studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ili kurekodi nyimbo zao. Kwingineko duniani, mwaka 1979 kampuni ya Tascam ya Japani ilitoa Portastudio 144, mashine ya kaseti yenye treki nne iliyomwezesha mtu kurekodi nyumbani. Mwaka 1983 ulianza mfumo wa MIDI, unaounganisha vinanda na kompyuta za aina mbalimbali. Studio binafsi za Dar es Salaam, zikiwemo za watayarishaji Master J na P-Funk Majani, ndizo zilizokuza Bongo Fleva. Programu ya FL Studio, iliyotolewa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilipunguza gharama zaidi, kwa kuwa biti nzima huweza kutengenezwa bila ala yoyote. Singeli, yenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, imekua kutokana na studio ndogo za namna hiyo. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ulitoka katika studio moja ya Dar es Salaam.

Miksa au kadi ya sauti

Kosa la kawaida na la gharama kubwa ni kununua miksa kubwa kwanza. Miksa yenye vitelezi kumi na viwili huvutia macho, lakini iliundwa kwa ajili ya jukwaa, kanisa au ukumbi, ambako sauti nyingi huunganishwa papo hapo na kupelekwa kwenye spika. Katika studio ya kompyuta kazi hiyo hufanywa ndani ya programu, baada ya kurekodi.

Kinachohitajika ni kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa kidogo cha USB kinachogeuza sauti ya kipaza sauti kuwa data na kuirudisha kwenye hedifoni na spika. Ile yenye matundu mawili ya kuingiza sauti inamtosha mtu anayetengeneza biti na kurekodi mwimbaji mmoja. Kifaa kiwe na umeme wa volti 48, kwani vipaza sauti vya kondensa havifanyi kazi bila huo. Kiwe pia na uwezo wa kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, kabla haijapita kwenye kompyuta. Bila hivyo mwimbaji hujisikia akichelewa nyuma ya biti, na katika muziki wa kasi hali hiyo haivumiliki.

Miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, hata kama zina matundu ya vipaza sauti vinane. Ngoma, sauti na kinanda hufika vimeshachanganywa, na ngoma ikiwa juu mno haiwezi kushushwa peke yake tena. Mnunuzi anapaswa kuuliza ni njia ngapi zinaingia kwenye kompyuta, badala ya kuhesabu matundu.

Hali ni tofauti kwa anayetaka kurekodi kikundi cha lizombe, ngoma ya Wangoni, na kuitumia ndani ya biti. Ngoma kadhaa zikipigwa pamoja na waimbaji zinahitaji angalau njia nne zinazorekodiwa kila moja peke yake. Hapo kadi ya njia nane, au miksa inayorekodi kila njia kwa treki yake, ina sababu ya kununuliwa.

Kipaza sauti na chumba

Kondensa hunasa mambo madogo madogo ya sauti, pamoja na jogoo wa jirani na pikipiki barabarani. Katika nyumba ya kawaida kipaza sauti cha dainamiki, kama Shure SM58 iliyopo tangu mwaka 1966, mara nyingi hutoa matokeo bora zaidi kwa sababu husikia vizuri kilicho karibu tu. Paa la bati lisilo na dari ni tatizo la pekee Songea, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili: mvua ikianza, kurekodi sauti husimama, kifaa kiwe cha bei gani. Magodoro na mablanketi mazito hupunguza mwangwi wa sauti ya mwimbaji. Besi hayaizuii, kwa kuwa wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7.

Umeme

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako; awali mji ulitegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo umeme huweza kukatika katikati ya kazi. Kompyuta mpakato yenye betri nzima, pamoja na kadi inayotumia umeme wa USB, huendelea kurekodi, ilhali miksa ya kuchomeka ukutani huzimika. Spika za studio na kompyuta ya mezani zinahitaji UPS. Kebo zenye nyaya mbili za sauti na kinga kati ya kadi na spika hupunguza mvumo wa umeme.

Kuchanganya na kuhifadhi

Spika mbili ndogo za studio zinatosha. Miksi isikilizwe pia kwenye simu na redio ya gari, kwa kuwa ndiko wasikilizaji wengi waliko. Kurekodi kwa biti 24 na hezi 44,100 huchukua takriban megabaiti 8 kwa dakika kwa kila treki, hivyo wimbo wa dakika nne wenye treki kumi hufikia megabaiti 320. Nakala ya pili huwekwa kwenye diski ya nje inayotunzwa mbali na kompyuta.