Njia ya Sisimizi

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu chuoni, kumbukumbu ilipewa heshima kubwa. Sisimizi wana somo la pili. Mwaka 1989 wataalamu wa Brussels, Ubelgiji, akina Goss na Deneubourg, walieleza jinsi walivyowawekea sisimizi njia mbili za kuendea chakula, moja fupi, moja ndefu. Waliopita njia fupi walirudi mapema. Harufu waliyoiacha ikakolea, wenzao wakaifuata. Mwaka 1992 Marco Dorigo, katika tasnifu yake huko Milan, Italia, aliifundisha kompyuta kutafuta njia vivyo hivyo. Lakini ndani ya hesabu hizo harufu huachwa ififie, ili njia mbaya ya mwanzo isigeuke sheria. Ndugu msomaji, kusahau nako kuna kazi yake katika elimu.