Kutoka Duka la Ipembe

Anayekuja Singida kwa basi kutoka Dodoma huanza kupokewa na mawe. Majabali makubwa yamepandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akaondoka kabla hajamaliza kazi. Halafu yanatokea maji: Singidani upande mmoja, Kindai upande mwingine, maziwa ya magadi ambayo heroe huyatembelea wakipenda. Baina ya mawe na maji hayo iko Ipembe, kata ya zamani ya mjini, na hapo ndipo ukoo wa Dewji ulipokuwa na duka lake.

Duka hilo halikuwa la kwanza wala kubwa kuliko yote. Kabla ya maduka nchi hii ilikuwa ya Wanyaturu mjini na kusini, Wanyiramba na Wanyisanzu kaskazini, Wahadzabe wakiwinda upande wa Mkalama, Wagogo kule Manyoni. Watu walikaa kwenye tembe, wakalima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe na kuweka mizinga kwenye miombo. Wajerumani walipojenga maboma yao Kilimatinde na Mkalama hawakukaribishwa kwa vigelegele. Wanyaturu bado wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewatimua kwa makundi ya nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini unaitwa kwa jina lake. Namtaja kwa makusudi. Tarehe ya Singida ikianzia kwenye duka itakuwa imeruka watu wengi.

Reli ya kati ilipopita Manyoni kuelekea Tabora, ambako ilifika mwaka 1912, biashara iliifuata, na kutoka Manyoni ikapanda polepole kuja huku juu. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda kaskazini hadi Kinyangiri. Miaka ya 1940 waling'oa vyuma vyake wakavipeleka kwingine, na Singida ikabaki na tuta lisilo na treni mpaka serikali ya Tanzania ilipokuja kuijenga upya miaka mingi baadaye. Mji ulioachwa na reli ulibebwa na malori, na nyuma ya malori walikuwapo wenye maduka, wengi wao Wahindi na Waarabu.

Mababu wa Dewji walikuwa miongoni mwao: Makhoja wa madhehebu ya Shia Ithnasheri, wenye asili ya Gujarat, jamii ya wafanyabiashara waliovuka bahari kwa jahazi wakaanzia pwani kabla ya kusambaa bara. Bibi yake Mohammed Dewji, mfanyabiashara na mbunge wa zamani wa Singida Mjini, ndiye aliyekuwa akiuza duka hapa Singida, duka dogo la nyumbani. Msomaji aliyekulia mji wa bara hahitaji kuchorewa: chumvi, sukari, mafuta ya taa ya kupima kwa kibati, kanga zimetundikwa juu, na mizani mlangoni. Kilichoyafanya maduka ya namna hii yawe nguzo ya mji ni kwamba yalinunua pia. Mkulima alishusha ngozi, nta, asali, karanga au nyonyo, akapanda na sabuni na kaniki. Na kulikuwa na daftari la mali kauli. Msimu ukiwa mbaya, na kwetu misimu mibaya ni mingi, mtu alichukua leo akalipa mavuno yakiingia. Daftari hilo lilimbana mkulima, hatuwezi kukataa, kwa maana mwenye mizani ndiye mwenye bei. Lakini lilimfunga na mwenye duka pia: mavuno ya Ilongero yakikauka, na Ipembe haikuuza.

Halafu likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yakawa ya umma. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yakatwaliwa, na familia nyingi za Kihindi zikafunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Biashara ya jumla ikahamia kwenye kampuni za biashara za mikoa, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikayafunga maduka ya watu binafsi vijijini yapishe ya ushirika na ya kijiji. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanaikumbuka foleni ya sabuni. Ni katikati ya miaka hiyo ndipo Mohammed Gulamabbas Dewji alipozaliwa Ipembe, tarehe 8 Mei 1975, mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake, Gulamabbas, hakuondoka. Katika muongo ambao wenzake walikuwa wakiuza vitu na kukata tiketi, yeye alijenga biashara ya kununua mazao na kuingiza bidhaa. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Mohammed Enterprises, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa herufi zake tu, METL.

Mtoto alisoma Arusha, kisha Dar es Salaam, kisha akapelekwa Florida ambako gofu ilikuwa sehemu ya masomo, na mwaka 1998 akahitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Sehemu hiyo ya maisha yake imeandikwa sana na sioni cha kuongeza. Kinachonihusu mimi ni wakati aliporudi nchini.

Alirudi siku ambazo serikali ilikuwa ikiuza. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilikwishaundwa mwaka 1992, na viwanda vilivyojengwa kwa jasho la ujamaa vilikuwa vimesimama, popo ndani, mashine zimeshika kutu. METL, ambayo mpaka hapo ilikuwa nyumba ya wachuuzi wakubwa, ikaanza kuvinunua. Polytex ya Morogoro ikageuka 21st Century Textiles, ikatoa kanga na vitenge. Kiwanda cha nguo cha Musoma nacho kikaingia mkononi mwao, na mashamba ya mkonge, na kinu cha kusafisha mafuta ya kula Dar es Salaam. Hapo ndipo mjukuu wa mwenye duka alipokuwa mwenye viwanda. Walioajiriwa na kampuni hiyo wamepita watu 20,000. Mwaka 2013 jarida la Forbes Africa lilimweka kwenye jalada lake, Mtanzania wa kwanza kuwekwa hapo, na kwa miaka kadhaa Forbes ikamtaja kuwa bilionea kijana kuliko wote Afrika.

Wako wanaosema mali hiyo ilitokana na kununua vya umma kwa bei ya chee. Nawaelewa, kwa kuwa nimeona magofu ya viwanda ambavyo wanunuzi wengine walivigeuza maghala, mashine zikauzwa kwa kilo. Kipimo changu ni kimoja: je, moshi ulirudi kwenye bomba? Morogoro ulirudi.

Siasa ilimwanza mapema. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 25, aliomba kugombea ubunge wa Singida Mjini kwa tiketi ya CCM akaambiwa bado kijana. Mwaka 2005 alirudi, akapitishwa, akashinda kwa kishindo. Hakuwa mfanyabiashara wa kwanza wa asili ya Kihindi kukabidhiwa uongozi na mji wa Tanzania. Abdulkarim Karimjee, wa ukoo wa mkonge na biashara ulioanzia Zanzibar, alikuwa Meya wa Dar es Salaam miaka ya 1950, akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye wa Bunge, mpaka mwaka 1962, na ukumbi wa Karimjee ambamo wabunge wa Tanganyika huru walikaa ni zawadi ya ukoo wake. Ila tofauti yao ni kubwa. Karimjee aliongoza wakati wa mkoloni, ambapo viti viligawanywa kwa rangi za watu. Dewji alipigiwa kura na Mnyaturu wa Unyambwa na mama wa mboga wa Soko Kuu, kura moja moja, katika nchi ambayo miaka thelathini nyuma yake ilimwita mwenye duka mnyonyaji. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko jalada la Forbes, na halijaandikwa ipasavyo.

Miaka kumi alikaa. Hiyo ndiyo miaka ya shule za sekondari za kata, ambazo tangu mwaka 2006 zilijengwa nchi nzima kwa wananchi kusomba mawe, mchanga na maji, halafu kusubiri mabati na saruji. Singida Mjini mabati hayakusubiriwa sana. Mbunge alitoa mfukoni. Alichimbisha visima, akasaidia madarasa, zikaletwa kambi za macho ambako wazee walioongozwa kwa fimbo walitolewa mtoto wa jicho wakarudi nyumbani wakijionea njia. Katika mji ambao ndoo ya maji ni safari, kisima hakihitaji kuelezewa kwa hotuba.

Hata hivyo utoaji wa namna hii una uzito wake, nao huwaangukia wanaobaki. Mtu akizoea mbunge anayelipa ada, anayenunua jezi na kugharimia msiba, husahau kwamba kazi iliyomtuma bungeni ni sheria na bajeti. Mwaka 2015 Dewji alitangaza kwamba hagombei tena, akarudi kwenye kampuni. Yeyote anayeshika kiti kile baada yake hukuta foleni mlangoni, na yeye hana kiwanda. Simlaumu aliyetoa. Naeleza hali ya mji aliouacha.

Utoaji wenyewe ulipata utaratibu. Taasisi ya Mo Dewji ilianzishwa mwaka 2014, na mwaka 2016 akawa Mtanzania wa kwanza kutia saini ahadi ya matajiri wa dunia, Giving Pledge, ya kutoa angalau nusu ya mali yao. Watu wa nje waliona jambo jipya la Kimarekani. Anayewajua Ithnasheri anajua kwamba kwao kuna khumsi, sehemu ya tano ya ziada ya mwaka, na kwamba mtoto hufunzwa kuihesabu tangu dukani. Nafasi aliyoipata mioyoni mwa watu ilionekana Oktoba 2018, alipotekwa Dar es Salaam alfajiri, hotelini alikokwenda kufanya mazoezi, akapatikana siku tisa baadaye viwanja vya Gymkhana. Kwa siku zile tisa nchi ilimjadili kama ndugu aliyepotea.

Lakini mimi nikiipima tarehe hii narudi kwenye mizani ya dukani, na siku hizi kinachowekwa juu yake Singida ni alizeti. Mkoa huu na Dodoma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Mwezi wa nne mashamba yanageuka njano kutoka Ikungi hadi Iramba, na mahali pengine ninapopasikia kuwa na njano ya ukubwa unaopita huu ni Ukraina, nchi inayoongoza dunia kwa kuuza mafuta ya alizeti. Vita vilipolipuka kule mwaka 2022, bei ya mafuta ilipanda hadi kibanda cha chipsi cha Misuna. Serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya nchi kuwa tani 570,000 kwa mwaka, na yanayozalishwa ndani hayakufika nusu. Ushuru wa mafuta ya nje ukapunguzwa, na msimu uliofuata aliyeumia ni mkulima wa Singida, bei ya gunia ikamporomokea akiwa na mavuno ndani.

Hapo ndipo tarehe ya ukoo na tarehe ya mji zinapokutana pasipo raha. Kinu kikubwa cha METL kiko pwani, kilijengwa kusafisha mawese yanayokuja kwa meli, wakati alizeti ya wapiga kura wa zamani wa mwenye kinu inakamuliwa na vimashine vya mitaani na viwanda vichache, kikiwamo kile cha Mount Meru hapa hapa Singida. Bandarini malighafi ni ya uhakika mwaka mzima, huku ni ya msimu na mvua ni bahati. Hesabu hiyo naielewa. Bado naamini kwamba mtu aliyeweza kuiamsha Morogoro angeweza kuja na hesabu nyingine kwa ajili ya Ipembe, na ningefurahi kuwa hai kuiona. Kisima humnywesha mtu. Mnunuzi wa uhakika, anayelipa bei ya haki kila msimu, humfanya achimbe kisima chake.

Duka la bibi halipo tena kama lilivyokuwa, na Ipembe sasa ina benki, famasi na vibanda vya simu. Lami imeufanya mji kuwa njia panda ya malori ya Rwanda na mabasi ya Mwanza. Yanaposimama, vijana huyakimbilia madirishani na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, vitunguu vya nyavu, asali ya Manyoni, na madumu ya lita tano ya alizeti iliyokamuliwa jana, bado ina harufu ya mashudu. Abiria huinua dumu kwenye mwanga, hulitikisa, huuliza bei, na dereva huanza kupiga honi.