Kobalti ya Katanga ndani ya esansi

Kila siku makamyo ya mafuta yanapita Kasumbalesa kuja Lubumbashi. Tunajaza esansi, tunalipa, tunaenda. Wachache wanajua kwamba kobalti imeshafanya kazi kubwa katika historia ya esansi hiyo.

Petroli ghafi ikichemshwa kiwandani inatoa nafta. Nafta inafanana na esansi, lakini okteni yake ni ndogo: sehemu yake inawaka yenyewe kabla moto wa buji haujaifikia, na injini inagonga. Tangu miaka ya 1920 dawa ilikuwa kuchanganya esansi na risasi. Injini ilitulia kweli, lakini sumu ilitoka na moshi, watu wakaivuta.

Njia nyingine ilikuwa kubadilisha molekuli zenyewe. Vladimir Haensel, mkemia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1914 na kukulia Moscow, aliishughulikia akiwa kampuni ya UOP, Marekani. Alichagua platini. Lakini platini ni ghali sana, nani ataijaza katika mtambo mzima? Haensel aliweka kidogo tu, chini ya 1%, juu ya alumina. Kwa kuwa kichocheo hakiliwi na kazi yake, kiasi hicho kidogo kinabadilisha nafta nyingi kwa muda mrefu. Kwenye joto la karibu nyuzi 500, molekuli zilizonyooka zinajikunja kuwa duara, okteni inapanda, na hidrojeni inatoka. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1949 huko Muskegon, Michigan.

Sasa, platini ina adui: salfa. Ndipo kobalti inapoingia. Nafta inapitishwa kwanza kwenye kichocheo cha kobalti na molibdeni, pamoja na hidrojeni, ili salfa itolewe. Na hidrojeni hiyo inatoka wapi? Kwenye mtambo wa platini wenyewe! Kobalti inailinda platini, platini inailisha kobalti.

Mitambo ya aina hii ilifika hadi Afrika yetu. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963, kilikuwa nayo hadi kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Ujuzi huo ulisaidia pia nchi za kusini mwa Sahara kuachana na esansi yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006.

Na sisi je? Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Hata mabaki ya lile terril la Lubumbashi yalianza kuyeyushwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha aloi yake ikapelekwa Kokkola, Finlandi, kusafishwa. Kobalti inatoka kwetu kwa tani. Huko inageuzwa kuwa kitu cha kuuzwa kwa kilo.

Haensel hakuwa na mgodi wa platini. Alikuwa na maabara, na muda wa kujaribu tena na tena. Wewe uliyesoma kemia au metalurjia hapa mjini: kilo ya kwanza ya kichocheo iliyotengenezwa Lubumbashi, tunaanzia wapi?