Pampu ya kunyonya hewa kwa mkerezaji: soma kabla hujatoa hela

Nimeulizwa sana kuhusu hizi pampu za kunyonya hewa za kushikia kazi kwenye mashine ya kukereza mbao, na kujibu mmoja mmoja kunachosha. Leo naweka yote hapa.

Kwa asiyezijua: ukishamaliza tumbo la bakuli, kitakoni zinabaki alama za taya. Unaligeuza, mdomo unakaa juu ya kopo lenye raba ukingoni, pampu inavuta hewa kupitia tundu la ekseli, bakuli linaganda. Hakuna skrubu wala gundi.

Sasa elewa hili, maana ndipo hela zinapopotea. Pampu haishiki kitu. Kinachoshika ni hewa ya nje inayosukuma, na usawa wa bahari inasukuma kama kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kopo la kipenyo cha sentimita 15 lina eneo la sentimita mraba 177 hivi. Ukiondoa robo tatu ya hewa, bakuli linakandamizwa kwa kilo 137 hivi. Kopo la sentimita 7.5? Kilo 34 tu. Kipenyo ukikipunguza nusu, nguvu inabaki robo. Kwa hiyo tumia kopo kubwa kadiri kazi inavyoruhusu kabla ya kuota pampu kubwa.

Na mnaokaa milimani mjue hili. Dar au Mombasa hewa ina kilopaskali 101. Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, ni 82 hivi. Vitabu vya Wamarekani vinakuambia fikisha inchi 25 za zebaki kwenye geji. Nairobi hazifiki, hata ununue pampu ya bei gani, kwani hewa yote ya pale ni inchi 24 na ushee. Usiirudishe dukani ukidhani ni mbovu!

Kingine ni kuvuja. Mpingo umeshonana, lakini mwembe unapitisha hewa kwenye vinyweleo vyake, hasa pale nyuzi zilipokatwa kichwa. Hivyo uliza pampu inavuta lita ngapi kwa dakika. Mimi nisingeshuka chini ya 85, na 140 ndiyo raha. Kompresa ya friji kuukuu, ambayo mafundi wetu wanaipenda kwa sababu ni ya bure, inavuta kidogo mno na inachemka, maana imezoea kupozwa na gesi inayorudi. Kwa mpingo mdogo sawa, kwa bakuli la mwembe hapana.

Ile pampu ya mafundi wa AC ni rahisi kupatikana na muuzaji atakusifia jinsi inavyofika mikroni chache. Kwako hizo mikroni hazina kazi. Imetengenezwa kwa mfumo uliozibwa. Ukiiachia hewa inayovuja muda wote inatema ukungu wa mafuta karakana nzima, na mafuta yanapungua. Ukiwa nayo, itumie kwa kazi fupi na utazame kioo cha mafuta. Chaguo langu ni pampu kavu ya mabawa ya kaboni, hata iliyotumika, mradi uweke chujio mbele yake, vumbi la mbao linaila haraka.

Umeme. Ukikatika, pampu inazima papo hapo lakini bakuli bado linazunguka, na linaloruka linakuja usoni. Weka vali ya kuzuia hewa isirudi na tangi la chuma kizito (debe litabonyea), mashine ipate muda wa kusimama. Mkia wa mashine uache umebana hadi dakika ya mwisho, na ngao ya uso usivue.

Bakuli jembamba lina hatari yake, linaweza kupasuka kuingia ndani. Kwa hilo funga vali ndogo ya kuingiza hewa ya nje, uifungue taratibu huku ukitazama geji.