Chumba cha koko: vile volkano na vita vilipanga nyumba zetu za Goma



Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, familia nyingi zinajenga upya, zingine hapa mjini, zingine Sake, Masisi na Rutshuru. Tukifika kwenye parseli, mazungumzo yanaanza na mabati na misumari. Swali la nani atalala wapi linakuja mwisho, wakati mbao zimeshapigiliwa. Na anayebaki bila jibu ni koko. Hali hiyo iko na historia yake, na inaanzia chini ya miguu yetu.

Januari 1977, ziwa la moto la Nyiragongo lilipasuka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliingia mjini kabisa: ilipita katikati, ikachoma kathedrali, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika hadi ziwa Kivu. Watu karibu 120.000 walibaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, lakini siku chache tu wakarudi, mawe yakiwa bado ya moto. Wakajenga juu yake. Ndiyo maana kuna sehemu mjini ambapo mtu anapanda kutoka mlango wa zamani kufika barabara ya leo.

Mawe hayo ndiyo yaliamua namna ya nyumba. Kuchimba msingi wa kina au shimo la choo ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Kwa hiyo mafundi wanapanga mawe ya volkano chini, wanasimamisha fremu ya mikaratusi, wanapiga mbao, wanafunika na mabati. Mbao zinafika mjini hata kwenye chukudu. Nyumba ya namna hiyo inasimama haraka, na kama hatari inakuja au mwenye parseli anataka kiwanja chake, inavunjwa na kuhamishwa. Wageni huiona kama nyumba ya umaskini peke yake. Mimi naona pia akili ya watu waliozoea kuhama. Lakini nyumba iliyofikiriwa kwa kuhama haikufikiriwa kwa kuzeeka.

Choo chake kinaonyesha jambo hilo vizuri. Juu ya mwamba, choo hakiingii chini, kinainuliwa juu, na ngazi tatu nne mbele yake, mara nyingi za mawe yasiyoshikana. Kijana anaruka. Koko wa miaka sabini na tano, usiku, mvua ikinyesha? Wengine wanaacha kunywa maji jioni ili wasiamke.

Kisha kuna vita. Nyumba ya vyumba viwili na salo, yaani sebule, ilitosha wazazi na watoto wao. Lakini tangu miaka ya 1990 Goma imekuwa mji wa kupokea. Kabla hata ya kambi, na pembeni yake, waliokimbia Masisi na Rutshuru walilala kwa ndugu. Salo ikawa chumba cha kulala usiku na cha wageni mchana. Mama mkubwa alikuja kwa wiki mbili, akabaki miaka minane. Nyuma kukaongezwa chumba, kisha kingine, mpaka hewa ikakosa njia. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena na kuchoma maelfu ya nyumba upande wa Buhene na Kibati, vile vyumba vya nyuma vilijaa tena.

Sasa, misaada inahesabu «menaji». Kanuni ya kimataifa ya Sphere inasema angalau meta 3,5 za mraba kwa kila mtu. Familia ya watu watano inapata 17,5. Hesabu hiyo ni ya kuokoa maisha, siipingi. Lakini menaji tunayoikuta iko na watu tisa wa vizazi vitatu, na fomu haina mahali pa kuandika kwamba mmoja hapandi ngazi na mwingine bado ananyonya. Kwa wafadhili wetu ningeomba jambo moja: mtuachie nafasi ya kubadilisha mpango wa ndani, hata kama idadi ya mabati haibadiliki.

Mlango ni mfano mzuri. Upana wa sentimeta 90 unapitisha kiti cha magurudumu, hata jeneza. Ukipimwa kabla ya fremu kusimama, gharama yake ni karibu bure. Ukiongezwa baadaye, unabomoa ukuta. Chumba cha koko kiwe upande wa choo, sakafu moja bila kizingiti, na ukuta kati yake na jikoni ufike juu, juu ya moshi wa mbabula. Mbabula yenyewe isiingizwe ndani usiku kuota moto.

Kuna hatari moja ya hapa kwetu ambayo ramani za ng'ambo haziijui: mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri, kama upande wa Bulengo. Haina rangi. Inaua mbuzi kwanza, kisha mtoto aliyelala chini. Pale wenyeji wanapoonyesha mazuku, usijenge. Kuinua sakafu hakutoshi. Mahali pengine pia, koko na watoto wapate kitanda, wasilale kwenye mkeka.

Baki karatasi. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, sisi tunapata haki ya kuutumia. Na ile ya familia ya 1987 inampa mjane wa ndoa iliyoandikishwa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Hata hivyo tunaona shemeji wakigawa parseli vipande, na chumba cha mama kinakuwa duka. Mnapokaa na shefu wa kartie kuandika mgawanyo, chumba hicho kiandikwe: kiko wapi, ni cha nani, mpaka lini. Koko awepo pale na atie kidole chake mwenyewe.